Cheti changu cha kidato cha nne ni cha NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) kama chako. Hicho cha kumaliza shule mnachonidai nikitoe wapi?

Wakuu, habari za majukumu. Leo naandika nikiwa na hasira na waajiri wanaotudai cheti cha kumaliza shule, kile kinachotolewa na shule yenyewe, sisi tuliofanya mtihani wa kidato cha nne nje ya shule. Mnivumilie.

Kila mwaka tunahamasishwa: uliyeacha shule rudi, pitia QT (mtihani wa maarifa, wa kukupa sifa ya kufanya wa kidato cha nne), kisha fanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mimi nilifukuzwa mwaka 2011 nikiwa kidato cha pili kwa sababu ya ujauzito. Enzi hizo zilitumika kanuni za mwaka 2002, na serikali ilikuja kuruhusu wasichana waliojifungua warudi darasani Novemba 2021, mwanangu akiwa darasa la nne. Nisingeweza kusubiri. Nikajisajili QT, nikafaulu, nikasomea kidato cha nne usiku nikishafunga genge. Nikapata sifa za kuingia chuo, nikamaliza astashahada, nikaunga stashahada ya ununuzi na ugavi. Vyeti vyote halali, mwenye shaka avihakiki.

Sasa twende kwenye usaili wa juzi, kampuni siitaji. Nimejibu maswali ya manunuzi yote, mpaka yule mzee wa fedha anatikisa kichwa kuonyesha ameridhika. Ikafika zamu ya dada wa rasilimali watu. Akageuza cheti changu cha kidato cha nne, akaweka kidole kwenye namba ya mtihani, akauliza, "Mbona inaanza na P? Wenzako wote hapa ni S." Nikamweleza. Akasema, "Sawa, naomba cheti cha kumaliza shule." Nikamwambia dada yangu, sikumaliza shule, ndiyo maana nikapita QT. Akafunga faili. "Sera yetu inataka kiambatanishwe."

Jamani! P maana yake mtahiniwa wa kujitegemea, S ni wa shule, basi. Mtihani ni wa NECTA uleule, na anayetoa cheti ni NECTA yuleyule. Tena mwenzangu wa shule ana alama za maendeleo (za kazi na majaribio ya darasani) za kumsaidia, mimi nilibebwa na kile nilichoandika ndani ya chumba cha mtihani tu. NECTA wamenitambua, NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, wametambua chuo changu, halafu sera ya ofisi moja iniambie sijasoma?

Na si ofisi moja. Fomu nyingi za maombi zina kile kisanduku cha "shule uliyosoma kidato cha I hadi IV", ukiacha wazi haziendi mbele. Kuna chuo walinizungusha kwa jambo hilihili kabla sijapokelewa kwingine. Matangazo ya majeshi nayo ukomo wa umri kwa kidato cha nne huwa miaka ishirini na kitu, na mtu aliyepitia QT akiwa na watoto wa kulea atawahi vipi huo ukomo akiwa na cheti mkononi?

Kilichonichoma zaidi ni ushauri ninaopewa. Jamaa wa steshenari kaniambia bila aibu, "Lete jina la shule yoyote, nakutengenezea cha kumaliza shule, muhuri ninao." Mwaka 2017 watumishi 9,932 walibainika na vyeti vya kughushi, nchi nzima ikatikisika. Leo mimi mwenye vyeti halali nasukumwa nikaghushi ili nionekane halali! Sifanyi, hata nikirudi gengeni.

Mlioko rasilimali watu humu, naombeni majibu ya moja kwa moja. Mtahiniwa wa kujitegemea aambatanishe nini badala ya hicho cheti? Kwa nini tangazo la kazi lisiandike "cheti cha kidato cha nne" likaishia hapo? Na ninyi wenzangu wa P mliofanikiwa kuajiriwa, mlipitaje kwenye hicho kisanduku cha shule? Nina usaili mwingine Jumatatu.