Mafundi kompyuta wa Tabora, acheni kupiga Windows kila mashine inapogoma kuwaka!

Wakuu, salaam.

Nina hasira na sitaificha. Hapa Tabora mjini, na naamini si hapa tu, mafundi wengi wana dawa moja kwa kila kompyuta: kupiga Windows, yaani kuiweka upya kutoka mwanzo. Imechelewa kuwaka, piga Windows. Imeandika maneno meupe kwenye kioo cheusi, piga Windows. Fundi hayasomi yale maneno, hamuulizi mwenye mashine ndani kuna nini, anachomeka CD yake na diski nzima inafutwa. Wanaoumia zaidi ni wazee wetu wenye kompyuta za zamani, zile Pentium za Windows 98 na DOS (mfumo wa zamani wa kuandika amri), kwa sababu humo kuna kazi za miaka mingi ambazo hazina nakala popote.

Kisa kilichoniwasha ni hiki. Baba yangu mkubwa ni mwalimu mstaafu, anakaa Isevya. Kompyuta yake anaitumia kwa jambo moja tu: hesabu za asali na nta za wafuga nyuki wanaoleta mzigo kutoka upande wa Sikonge. Jina, tarehe, kilo, amelipwa ngapi, anadai ngapi. Yote yako kwenye Lotus 1-2-3 ya DOS, programu ya zamani ya karatasi za hesabu kama Excel. Haihitaji intaneti, haina virusi vya kuletwa na flashi, na mzee anaifahamu kwa vidole bila hata kuangalia kibodi. Watu wakibishana kuhusu mzigo wa msimu fulani, walikuwa wanakwenda kwake na jibu linapatikana.

Siku moja umeme ulikatika, uliporudi mashine ikagoma. Mzee ni mwalimu, kwa hiyo kila kilichotokea kwenye kioo alikinakili kwenye daftari, herufi kwa herufi. Kwanza iliandika "CMOS checksum error - Defaults loaded" na kumtaka abonyeze F1. Alipobonyeza ikaja "Invalid system disk. Replace the disk, and then press any key". Akaita fundi. Fundi akatazama, hata daftari hakulifungua, akasema:

"Mzee, Windows imekufa. Hapa ni kupiga Windows mpya tu."

"Kuna kazi zangu humo, mwanangu."

"Usijali mzee, hazipotei."

Zimepotea. Mimi nilipofika nilikuta Windows XP inajikokota, Lotus haipo, folda ya asali haipo, na baba mkubwa amekaa kimya kama mtu aliyefiwa. Fundi ameshalipwa na ameshaondoka.

Sasa someni tena hayo maneno mawili ya kwenye daftari, maana jibu lote limo humo. La kwanza kwa kawaida maana yake ni kwamba betri ya mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, imekwisha. Ile betri ya duara, CR2032 ya volti 3, ndiyo inayoshikilia mipangilio ya BIOS, programu ndogo ya kwenye mazabodi inayoanzisha mashine, wakati mashine imezimwa. Ikifa, BIOS inasahau saa, inasahau tarehe, na inarudi kwenye mipangilio ya kiwandani. Baba mkubwa alikuwa amepanga mashine yake iwake kutoka diski ya ndani peke yake. Kwenye BIOS nyingi za Award chaguo hilo limeandikwa "C only", na alilichagua ili flopi anazohifadhia nakala zisimsumbue zikisahaulika mlangoni. Mipangilio ya kiwandani huanza na A, yaani flopi, ndipo ije C, yaani diski ya ndani.

Na flopi ilikuwemo! Nimeikuta mimi mwenyewe bado imo kwenye tundu lake. Mashine iliisoma ile flopi kwanza, ikakuta haina mfumo wa kuwashia, ikasema hivyo kwa maneno yanayosomeka. Diski ya ndani haikuguswa wala haikuwa na kosa lolote. Kazi ya fundi ilikuwa kutoa flopi, kubonyeza kitufe chochote, kisha kubadilisha betri ambayo hapa sokoni nimeinunua kwa elfu mbili, na kuingia BIOS kwa kitufe cha Delete kurudisha mpangilio. Badala yake amechoma mzinga mzima kwa sababu mlango umeziba.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Mtu unayejiita fundi, unayepokea hela ya watu, huwezi kutofautisha kompyuta iliyokufa na kompyuta ambayo haijui ianzie wapi? Haya ni mambo ya siku ya kwanza. Mashine ikiwashwa, BIOS inatafuta diski kwa mpangilio iliopewa. Ikiipata, inasoma sekta ya kwanza, ile inaelekeza kwenye sehemu ya diski iliyowekewa alama kuwa ndiyo hai, na kutoka hapo kwenye Windows 98 linaitwa faili la IO.SYS, kisha MSDOS.SYS, CONFIG.SYS, COMMAND.COM na AUTOEXEC.BAT. Kila hatua ikikwama ina ujumbe wake, na kila ujumbe una tiba isiyogusa kazi za mtu. Sekta ya kwanza imeharibika? Washa kwa flopi ya Windows 98 na uandike FDISK /MBR. IO.SYS au COMMAND.COM imefutika? Kwa flopi ya toleo lile lile, SYS C: inayarudisha. Alama ya sehemu hai imeondoka? FDISK inairudisha. Hakuna hata moja kati ya hizo inayofuta faili la Lotus.

Na mashine ile ilikuwa imepangwa vizuri, wakuu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Mimi na baba mkubwa tuliipanga pamoja, ikiwaka ikawa inatoa menyu yenye machaguo mawili. Utaratibu huo wa menyu ulikuja na MS-DOS 6 mwaka 1993 na Windows 98 bado inaukubali. CONFIG.SYS yake ilikuwa hivi:

[MENU]
MENUITEM=ASALI, Hesabu za asali
MENUITEM=WINDO, Windows 98
MENUDEFAULT=ASALI,15

[COMMON]
DEVICE=C:\WINDOWS\HIMEM.SYS
DOS=HIGH,UMB
FILES=40

[ASALI]
DEVICE=C:\WINDOWS\EMM386.EXE RAM

[WINDO]

Kwenye AUTOEXEC.BAT kulikuwa na GOTO %CONFIG%, yaani nenda kwenye chaguo lililochaguliwa, basi. Ukichagua asali inakwenda kwenye folda na kufungua Lotus, ukichagua ya pili inaita WIN. Asipobonyeza kitu, baada ya sekunde 15 Lotus inafunguka yenyewe. HIMEM na DOS=HIGH ziliwekwa kwa sababu DOS ina KB 640 tu za kumbukumbu ya kawaida, na kila unachokisogeza juu kinaiachia Lotus nafasi ya karatasi kubwa zaidi. Ili Windows isijifungue yenyewe kabla ya menyu kufanya kazi yake, MSDOS.SYS iliandikwa BootGUI=0. Faili hilo limefichwa na limefungwa, unalifungua kwa ATTRIB -R -S -H C:\MSDOS.SYS halafu EDIT, na ile mistari ya x x x iliyomo ndani unaiacha kama ilivyo kwa sababu faili halitakiwi kushuka chini ya baiti 1024.

Mzee wa zaidi ya miaka sabini alikuwa anayaelewa haya na ameyaandika daftarini kwa mwandiko wake. Fundi kijana hajui hata kwamba Windows 98 ukishikilia Ctrl wakati inaanza inakupa menyu ya kuchagua, mojawapo ikiwa kuwaka hatua kwa hatua ili uone ni mstari gani unaokwamisha!

Hata kama alikuwa na kiu ya kuweka XP, angeweza kuiweka bila kufuta. XP ikikaa juu ya diski yenye 98, kwenye sehemu yake nyingine, inatengeneza faili la boot.ini, inahifadhi sekta ya zamani ndani ya BOOTSECT.DOS, na unapata menyu ya kuchagua ipi iwake. Timeout unaiweka unavyotaka, kwa kawaida ni sekunde 30. Kilichotakiwa ni kuuliza tu.

NYONGEZA baada ya kusoma majibu yenu:

Kuna mkuu anasema kompyuta za zamani zitupwe, mzee anunuliwe laptop. Mkuu, nani atamnunulia? Na hata akinunuliwa, hesabu za asali zingehamishwa kutoka wapi wakati zimeshafutwa? LibreOffice ya leo inafungua mafaili ya Lotus ya WK1 bila shida. Tungehamisha kila kitu kwa utulivu, kama fundi angeacha diski salama.

Mwingine anauliza kwa nini mzee hakuwa na nakala. Alikuwa nazo, kwenye flopi. Flopi zimeishi kwenye joto na vumbi la Tabora na nyingi hazisomeki. Nimezijaribu zote. Zilizosomeka zina hesabu za mwanzo tu.

Na huyu anayewatetea mafundi kwamba wateja hawana subira, nimekuelewa lakini sikubali. Kumuuliza mteja "kuna kazi humo unazozihitaji?" hakuchukui hata dakika. Kuchomoa diski na kuichomeka kwenye mashine nyingine ili kunakili folda kabla ya kufomati ni kazi ya nusu saa. Kama huna nusu saa, sema huna, mtu atafute fundi mwingine. Kumwambia mzee kwamba kazi zake hazipotei huku unajua unafuta, huo ni uongo, na mzee alikuamini.

Nchi hii ilipiga marufuku kuingiza kompyuta mwaka 1974, kwa hiyo wakati wenzetu Uingereza wanakua na BBC Micro majumbani miaka ya 1980, sisi tulikuwa tunazisikia. Hizi Pentium ndizo kompyuta za kwanza nyumba nyingi za huku kuziona. Kilichomo ndani yake ni kumbukumbu za watu halisi, na wafuga nyuki wa Sikonge sasa hawana pa kwenda kuuliza wanadai nini.

Diski nimeshaichomoa, haiwashwi tena mpaka nipate vifaa. Ina GB 4.3, na XP inakula kama GB 1.5, kwa hiyo kuna sehemu kubwa ambayo huenda haijaandikwa juu. Mafaili ya Lotus ni madogo. Nitaifanyia nakala kamili kwanza, kisha nitajaribu TestDisk, programu ya kurudisha vilivyopotea kwenye diski, kwenye nakala. Ninachotafuta ni waya wa kugeuza IDE (kiunganishi cha diski za zamani) kuwa USB, wenye adapta yake ya umeme, kwa sababu diski hii kubwa ya inchi 3.5 inataka volti 12 na USB peke yake haitoshi. Mwenye nao hapa mjini, Nzega, Urambo, au hata Kigoma akiweza kuutuma kwa treni, aje PM, gharama nalipa mimi.

Na wewe fundi, kama unausoma uzi huu, jina lako sijalitaja na sitalitaja. Nijibu mambo mawili tu: uliifomati diski kwa mpangilio gani wa mafaili, NTFS au FAT32, na je, uligawa diski upya au uliacha mgawanyo uliokuwepo? Nahitaji kuyajua hayo kabla sijaanza kutafuta.