Leseni ya urubani ninayo, sasa nifanyeje?

Ndugu zangu mlio Marekani,

Nina miezi 4 tangu nipate leseni ya rubani binafsi. Tangu siku ya mtihani nimeruka mara mbili tu, nikizunguka uwanja uleule na kutua. Kukodi ndege ni ghali, na siku hizi naingiwa na woga ambao sikuwa nao nilipokuwa mwanafunzi. Mke wangu anaulizia zamu yake. Mnanishauri nini?

*

Mdogo wangu, hongera sana. Huo woga naujua. Mimi nilikaa miezi 7 bila kuruka. Siku niliyorudi, upepo wa ubavuni ulinisukuma nje ya mstari wakati wa kutua na mikono ikachelewa kurekebisha. Nilirudi kwa mwalimu kwa saa mbili, na naona ni pesa niliyoitumia vizuri kuliko zote.

Shemeji asubiri kidogo. Kubeba abiria kunataka uwe umepaa na kutua mara 3 ndani ya siku 90 zilizopita. Kwa usiku, hizo 3 zifanyike usiku, na kila ukitua ndege isimame kabisa.

Kisha acha kuzunguka uwanja. Anza kulenga kibali cha kuruka kwa vyombo, yaani kuongoza ndege kwa kusoma vyombo vyake bila kutegemea kuona nje, maana kinahitaji saa 50 za safari ukiwa rubani mkuu, na safari inayohesabiwa ni ile ya kutua mahali palipo zaidi ya maili 50 za baharini kutoka ulikoanzia. Kila dola ya kukodi itakuwa inajenga kitu. Zinatakiwa pia saa 40 za kuruka kwa vyombo. Angalau 15 ni za mwalimu. Nyingi ya zilizobaki unaweza kuruka ukiwa umezibwa macho yasione nje, uone vyombo tu, rubani mwenzako akiangalia anga, na gharama mnagawana. Mtafute huyo mwenzako mapema. Mimi wangu ndiye aliyenizuia kuacha.

Ukifaulu kibali hicho, hesabu ya mapitio ya kila miezi 24, yale ambayo rubani hupimwa na mwalimu, inaanza upya.

*

Kaka, naongeza moja. Watu wakijua una leseni, watakuomba uwapeleke msibani na watajitolea kulipa kila kitu. Usikubali. Mafuta, kodi ya ndege na ada za uwanja mnaweza kuchangia, lakini wewe usilipe chini ya fungu lako: mkiwa wanne, robo ni yako. Na safari iwe ya kwenu wote. Wewe nawe uwe unakwenda msibani.