Naomba ushauri: mdogo wangu ameokoka, anataka kuwarudishia aliowaibia

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mdogo wangu alikuwa mwizi, tena mzoefu. Alipookoka nilidhani anatafuta huruma tu, lakini kabadilika kweli.

Sasa kasoma habari za Zakayo katika Luka 19, aliyeahidi kurudisha mara nne, na haambiliki. Anataka kubisha hodi kwa kila aliyemwibia, akiri na aanze kulipa kidogo kidogo. Mchungaji anamwambia ya kale yamepita, asijichongee. Mimi naona hata Hesabu 5:7 inamuunga mkono: mtu aungame, arudishe kamili na kuongeza sehemu ya tano. Ila wengine hadi leo hawajui kwamba ni yeye, na mmoja wao namjua, ana hasira za karibu. Huyo atakimbilia polisi, naye mdogo wangu ana watoto wadogo.

Je, aende mwenyewe au atangulize mtu wa kumsemea, kama Barnaba alivyomsemea Sauli mbele ya mitume? Na waliokwisha kufa, awalipe watoto wao? Mliopitia haya nisaidieni mapema, maana anataka kuanza Jumapili hii baada ya ibada.