Ni nini hulifanya pambano la ndondi lisisahaulike?

Swali: Ndugu wapenzi wa ndondi, mabingwa wawili wanapokutana ulingoni, ni nini hasa hulifanya pambano lao likumbukwe miaka na miaka?

Jibu la kwanza: Ni hatari ya kweli. Kinshasa, mwaka 1974, Muhammad Ali aliegemea kamba raundi baada ya raundi, akijikinga kwa mikono huku George Foreman akimmiminia makonde hadi akaishiwa nguvu, na katika raundi ya 8 Ali akamwangusha.

Jibu la pili: Nakubali, ndugu yangu, lakini kwangu pambano la Ali na Joe Frazier kule Manila, Ufilipino, mwaka 1975, ndilo kubwa zaidi. Macho ya Frazier yalikuwa yamevimba hata asizione ngumi zikija, na mkufunzi wake, Eddie Futch, akamkatalia kuingia raundi ya 15.

Muulizaji: Huruma ya mkufunzi sikuwa nimeifikiria kabisa. Ahsanteni.