Kuhakiki anwani ya seva ndani ya programu ya Android: ipi kati ya njia hizi ina nafuu?

FundiKaunta:
Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri. Programu yangu humtaka mwenye duka aandike anwani ya seva yake, kisha hupakua orodha ya bidhaa na kutuma mauzo. Kati ya vihakiki vya Android yenyewe, URLUtil.isValidUrl hutazama mwanzo wa anwani tu, kwa hiyo hata "http://" tupu hupita. Patterns.WEB_URL ni kali zaidi, ila huikataa http://seva:8080, na madukani majina mafupi ya namna hiyo ndiyo yaliyozoeleka. Nilipoacha kuhakiki na kutuma ombi moja kwa moja, kila kosa lilitoa ujumbe uleule, "Hakuna mtandao", na mteja mmoja akanunua bando jipya kumbe alikosea herufi moja ya anwani.

Bi_Seva:
Kama unatumia OkHttp, ile maktaba ya kutuma maombi ya mtandao, mwachie toHttpUrlOrNull yake kazi hiyo. Hupunguza nafasi zilizobaki mwanzoni na mwishoni, hulikubali jina fupi, na hurudisha null (yaani hakuna kitu) anwani isipochambulika. Asiyeandika https:// mwongezee wewe mwenyewe kabla ya kuichambua. Kisanduku cha kuandikia kipe inputType (aina ya maandishi) ya textUri, kwa maana kibodi ya kawaida hupenda kuanza na herufi kubwa na kuingiza nafasi baada ya nukta. Kumbuka pia kwamba programu inayolenga Android 9 au zaidi huzuiwa kutumia http isiyo na usimbaji mpaka uruhusu katika mipangilio ya usalama wa mtandao, na kosa hilo halihusiani kabisa na bando.

KobeMweupe:
Nakubaliana na Bi_Seva, lakini anwani iliyoandikwa sawasawa bado yaweza kuwa ya seva isiyokuwapo, na hilo hutalijua mpaka uombe. Tenganisha makosa. UnknownHostException ina maana jina halikupatikana; ConnectException mara nyingi ni mashine ipo lakini hakuna programu inayosikiliza kwenye mlango ule (port, kama 8080); SocketTimeoutException ni ukimya, yaani muda wa kusubiri umekwisha bila jibu. OkHttp husubiri sekunde 10, ilhali HttpURLConnection, ile inayokuja na Android, isipopangiwa muda huweza kusubiri jibu bila kikomo. Mimi kabla ya kutuma ombi huuliza kama mtandao una NET_CAPABILITY_VALIDATED, kwa kuwa bando likiisha alama ya data hubaki palepale juu ya kioo.

Mzee_Tobo:
Hapo kwenye kuuliza kabla, ndugu Kobe, nakupinga. Alama ya NET_CAPABILITY_VALIDATED inaonyesha kwamba simu imefika kwenye intaneti ya nje. Duka lenye Wi-Fi ya ndani isiyo na intaneti halitaipata, ingawa seva:8080 iko mita tatu kutoka kaunta na inajibu vizuri. Ombi litumwe kwanza. Likishindwa, ndipo alama hiyo ikusaidie kuchagua maneno ya kumwambia mtumiaji.

La pili ni mauzo. Ukimya wa seva hauthibitishi kwamba ombi halikufika, kwani huenda seva imekwisha kuandika na jibu ndilo lililopotea njiani. Orodha ya bidhaa unaweza kuiomba tena hata mara tano bila madhara, lakini uzo moja likitumwa mara mbili litaingia kwenye hesabu mara mbili. Kila uzo lipewe kitambulisho chake humo humo kwenye simu kabla ya kutumwa, na seva ikiona kitambulisho inachokijua irudishe jibu la mwanzo bila kuandika upya.

FundiKaunta:
Nashukuru sana. Nimechukua njia ya Bi_Seva kwa anwani, na utaratibu wa Mzee kwa makosa na vitambulisho. "Hakuna mtandao" sasa ni ujumbe mmoja kati ya minne. Jana duka moja lilinipa kosa ambalo sikulitarajia, SSLHandshakeException (muunganisho salama wa https kushindwa kuanza), wakati cheti cha seva ni kizima. Nilihangaika nalo karibu saa nzima, mpaka nikaona kwamba simu ya kaunta ilizimika chaji usiku na kuwaka ikiwa na tarehe ya miaka mitatu nyuma, hivyo kwake muda wa cheti ulikuwa bado haujaanza. Ujumbe wa tano unasema: "Tafadhali angalia tarehe ya simu yako."