Mteja akiongeza sarafu baada ya kutoa noti, chenji mnaipigaje haraka?

Mgeni_Kaunta: Wadau, naomba msaada. Nimeanza kazi ya ukeshia na hesabu zote ni za kichwani. Mteja ana vitu vya 3,650, katoa noti ya 10,000. Nikiwa katikati ya hesabu anasema, "Ngoja, nina 150 hapa." Basi kila kitu kinavurugika na foleni nyuma inanitazama. Nyinyi mnafanyaje?

Bi_Droo: Usitoe, panda. Anzia kwenye bei, uende mpaka ufikie pesa aliyokupa. Bei ni 3,650: weka 50, imefika 3,700. Weka 300, ni 4,000. Weka 1,000, ni 5,000. Weka noti ya 5,000, umefika 10,000. Ulichoweka ndicho chenji yake, 6,350. Hesabu kwa sauti unapomkabidhi, naye atakuwa anahakiki pamoja nawe.

Hiyo 150 isikurudishe mwanzo. Anachoongeza kinaingia chote kwenye chenji: 6,350 na 150 ni 6,500. Mshukuru, maana amekuachia sarafu za kumrudishia mteja anayefuata.

Halafu kuna jambo naliona kubwa kuliko hesabu yenyewe. Noti ya mteja usiitie ndani ya droo kabla hajapokea chenji. Iache juu, mnaiona wote wawili. Akidai alitoa kubwa zaidi, hakuna haja ya kubishana, noti ile pale.

Tarakimu: Kwa anayependa kutoa: punguza 1 pande zote mbili, iwe 9,999 kutoa 3,649. Jibu ni lile lile 6,350, na kwenye tisa hukopi popote.

Mgeni_Kaunta: Asanteni sana, hiyo ya kupanda nimeielewa. Na yule anayepokea chenji, kisha anataka noti yake ya mwanzo arudishiwe, atoe nyingine?

Bi_Droo: Huyo kuwa naye makini mno, mdogo wangu. Matapeli hupitia hapo hapo: pesa zinazungushwa mara mbili tatu mpaka hujui ipi yako, ipi yake. Mwambie kwa upole, "Tumalize hii kwanza." Mwenye nia njema atasubiri. Ukiona umechanganyikiwa, omba chenji yote irudi juu ya kaunta, weka noti yake upande mmoja, uanze kupanda upya kutoka 3,650. Foleni ingoje.