Acheni kusambaza ile video ya tembo wa sarakasi, mnachekelea kipigo

Wakuu, salamu. Najua uzi huu utaniletea matusi, lakini leo nimechoka.

Tangu juzi kila grupu nililomo linazungusha video ya tembo aliyesimama kwa kichwa, miguu ya nyuma juu, kiti cha rangi pembeni. "Huyu ana akili kumshinda shemeji yangu," emoji za kucheka utitiri. Mwingine anauliza kwa nini sarakasi ya hivyo isiletwe Dar watoto wafurahi. Sarakasi tunayo bwana, ya watu! Vijana wetu wanapanda piramidi na kupinda migongo nchi za watu kila mwaka, na mimi ni mmoja wao. Nilipiga misimu miwili Ulaya na kampuni moja ya mahema, jina siwatajii.

Palikuwa na tembo jike mmoja. Onyesho lake lilikuwa la dakika saba. Muda mwingine wote yuko nyuma ya malori, mguu mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma kwenye mnyororo. Ukitoka usiku kwenda chooni unamkuta anayumba, kushoto, kulia, kushoto, kama mama anayebembeleza mtoto. Siku ya kwanza nikadhani anacheza muziki. Muziki ulikuwa umezimwa saa mbili nyuma.

Mwalimu wake alikuwa na fimbo yenye ngoe, kama ya kuangulia maembe, ila fupi na ncha yake chuma. Mbele ya watazamaji inazungushiwa utepe, wewe unaona pambo. Asubuhi kwenye mazoezi haina utepe. Anamnasa nayo nyuma ya sikio, kwenye ngozi laini, anavuta. Nilipomuuliza akasema tembo ana ngozi nene, hasikii. Hasikii? Nzi akitua hapo hapo sikio linapiga!

Msiniambie ilikuwa kampuni moja mbovu. Ringling Bros. ya Marekani, magwiji wa kazi hii, bosi wao mwenyewe alikiri mahakamani mwaka 2009 kwamba watunzaji wake huwapiga tembo kwa ngoe hizo nyuma ya masikio, chini ya kidevu na miguuni. (Ndiyo, waliofungua kesi ile waligonga mwamba, shahidi wao mkuu alikuwa analipwa nao. Alichokiri bosi kimebaki palepale.) Tembo wakatolewa jukwaani Mei 2016, na sarakasi iliporudi mwaka 2023 haikuwa na mnyama hata mmoja.

Na wale wa "Waafrika tunahangaikia tembo wa wazungu": Tyke, tembo jike wa sarakasi huko Marekani, alikamatwa akiwa mtoto hapo jirani zetu Msumbiji. Agosti 20, 1994, Honolulu, akachoka. Akamuua mwalimu wake mbele ya watu, akatoka nje mbio, na polisi wakamfyatulia risasi 86 mtaani. Alikuwa na umri wa miaka ishirini hivi. Mimi mkataba wangu ulipoisha nilipanda ndege nikarudi kwetu.

Wenye sarakasi zao wenyewe wameanza kuona haya. Bolivia ilipiga marufuku wanyama wote tangu 2009, hata mbwa. Uingereza imefunga mlango kwa wanyamapori tangu Januari 2020, Ufaransa sheria wamepitisha na mwisho wao ni 2028. Denmark ndiyo ilinifurahisha: mwaka 2019 serikali ilinunua tembo wanne wa mwisho wa sarakasi kwa kroner milioni 11. Mmoja wao, Ramboline, alikuwa na rafiki yake ngamia anaitwa Ali, na hawakutenganishwa. Halafu sisi, ambao Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008, ndio tunataka tuletewe walichokichoka wenzetu?

Najua kuna atakayenitupia kuku wanaoning'inizwa kichwa chini kwenye bodaboda. Kweli kabisa. Fungua uzi wake, nitakuwa wa kwanza kuchangia.

Kama bado unayo ile video, itazame tena, sauti umezima. Achana na tembo. Tazama mkono wa kulia wa yule jamaa mwenye koti jekundu, kile kitu chenye utepe, na jinsi tembo anavyolifumba jicho kila mkono ule unapopanda.